UZI: Kava la gemu lako linafukuza wateja kabla hawajaona trela. Leteni tuyachane

Kalamu ya Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwa wale mnaotengeneza magemu wenyewe, na najua mpo wengi kuliko mnavyojitokeza humu, leo naomba tuongelee kava. Ubishi wa Unity na Godot, zile programu za kutengenezea magemu, una uzi wake, tuuache huko. Naongelea ile picha ya mstatili inayokaa kwenye duka la magemu la mtandaoni kama Steam, ambayo mteja anaiona kabla hajajua jina lako wala nchi yako.

Mimi ni mchoraji, na makava ya magemu ni sehemu kubwa ya riziki yangu. Wateja wengi wanakuja na shida ileile. Mtu ana picha kubwa, nzuri, ya kutundika sebuleni: jua linazama, milima, shujaa kasimama ukingoni katupa mgongo. Anasema, "Nipunguzie tu iingie kwenye vipimo vya Steam." Naipunguza. Shujaa anabaki kidoa, milima inakuwa tope, jina la gemu halisomeki. Halafu mimi ndiye naulizwa kulikoni.

Kava huanzia udogoni. Unalichora likiwa dogo kabisa, likishaeleweka hapo ndipo unalikuza na kuongeza madoido.

Twende kwenye vipimo. Kwa sasa Steam wanataka picha ya juu ya ukurasa (920 kwa 430), ndogo (462 kwa 174), kubwa ya ukurasa wa mbele (1232 kwa 706), ya wima (748 kwa 896), na ya maktaba (600 kwa 900). Kila mtu anahangaika na ile kubwa kwa sababu ndiyo inayopendeza kupostiwa. Mimi nakwambia hangaika na ndogo. Ndiyo inayotokea mtu akitafuta kitu, ndiyo inayojipanga kwenye orodha za magemu yanayouzwa, na mfumo wao unaipunguza tena wenyewe hadi pikseli 120 kwa 45. Hapo hakuna macho ya shujaa, hakuna mawingu, hakuna mjengo wa nyuma. Kuna jina, na pengine umbo moja. Steam wenyewe kwenye mwongozo wao wanasema jina la gemu karibu lijaze picha hiyo nzima. Wengi hawausomi mwongozo.

Sasa, hicho kinachobaki kiseme nini? Watu wanadhani kava linasimulia hadithi. Hapana. Mtu anayepitisha macho kwenye orodha ya magemu mia hajali baba wa shujaa aliuawa na nani. Anatafuta aina ya gemu anayoipenda, basi. Kava linamjibu swali moja: nikiwa ndani nitakuwa nafanya nini? Mtazame Hollow Knight: kinyago cheupe chenye pembe juu ya giza, na ukimwona huyo mdudu mdogo na msumari wake unajua unaingia mapangoni kupigana. Balatro wao wameweka sura ya jokari wa karata. Mcheza karata anasimama, asiyependa karata anapita, na wote wawili wamehudumiwa vizuri. Euro Truck Simulator 2 ni lori. Hakuna mshairi aliyeitwa pale.

Mwisho kuna sheria, maana kuna watu makava yao yamekataliwa na hawajui kwa nini. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 Steam hawaruhusu maandishi mengine kwenye picha hizi zaidi ya jina la gemu na jina lake dogo rasmi. Nyota za wahakiki, majina ya tuzo, "punguzo", "sasa lipo", vyote vitoe. Ukiwa na maboresho makubwa unaruhusiwa kuweka picha ya muda yenye tangazo lake, ikiisha muda inatoka.

Leteni makava yenu. Nitayachana bila huruma, na mimi mnichane.

---

Jangili wa Pikseli

Mkuu uzi mzuri ila umeipa kava uzito usio wake. Among Us ilitoka 2018 ikalala usingizi, 2020 ikalipuka dunia nzima, na sijui mtu hata mmoja aliyeinunua kwa ajili ya kava. Vampire Survivors iliingia Steam Desemba 2021 ikiuzwa karibu dola tatu, mandhari yake ukiyaona unadhani ni ya miaka ya themanini, na 2023 ikabeba tuzo ya Uingereza ya BAFTA ya gemu bora. Gemu likiwa tamu litauzika hata ulifunge kwa gazeti.

---

Kalamu ya Mkaa

Jangili, hayo mawili yalibebwa na watu waliokuwa wakiyacheza mubashara na kwenye YouTube. Mtu akishamwona anayempenda anacheza, anaandika jina la gemu kwenye kisanduku cha kutafuta. Huyo hata ukimwekea picha ya ndoo atanunua. Mimi naongelea yule asiyekujua kabisa, aliyeingia dukani kutafuta kitu cha kucheza Ijumaa jioni. Wewe una mtu anayerusha mubashara kule Twitch aliyekuahidi kukuchezea gemu lako? Kama unaye, uzi huu haukuhusu, pita salama.

---

Mzee wa Kaseti

Vijana, haya makava yametusumbua tangu zamani. Waliokua miaka ya tisini wanazikumbuka zile kaseti za njano za Kariakoo, "gemu 9999 ndani ya moja". Juu kuna komandoo, ndege ya kivita na mtu wa kung fu. Ndani kuna magemu machache tu yanajirudia kwa majina tofauti, na komandoo hayumo.

Lakini kulikuwa na sababu ya makava ya enzi hizo kudanganya. Atari 2600 ilipotoka Marekani mwaka 1977, kwenye skrini ulikuwa unaona vibweta viwili na kidoti. Usipoweka mchoro wa maana kwenye boksi, mnunuzi angejuaje kwamba kile kibweta ni ndege? Mchoro ulikuwa unamsaidia kuona kwa akili. Ubaya ulianza pale boksi lilipoachana na gemu kabisa. Mega Man ya kwanza, 1987, boksi lake la Marekani lina mzee kavaa njano na buluu, kapinda magoti, kashika bastola. Kwenye gemu ni mtoto roboti wa buluu na silaha ni mkono wake wenyewe. Inasimuliwa kwamba picha ile ilitakiwa kesho yake, ikachorwa kwa saa chache.

Tofauti ya leo ni kwamba Steam wanarudisha pesa: ndani ya siku 14 tangu ununue, kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Ukimdanganya mtu kwa kava anarudisha gemu kabla chai haijapoa, na anaacha maoni mabaya chini. Sisi wa kaseti ya njano tulikuwa hatuna pa kurudisha, mwenye duka alikuwa anakucheka.

---

Bi Rangi

Shikamoo Mzee wa Kaseti, umenikumbusha mbali.

Naongeza la rangi, maana mtoa mada kalipita. Ukurasa wa Steam wenyewe ni mweusi wenye ubuluu. Kava lako likiwa la usiku, buluu iliyokolea, na jina kwa kijivu, linazama. Siyo kwamba ni baya, halionekani tu.

Ninachofanya kabla ya kupeleka kazi ni kuondoa rangi zote, picha ibaki nyeusi na nyeupe. Kama jina na umbo kuu havitengani na nyuma yake hapo, rangi haitakuokoa. Wengi wanajaribu kuokoa jina kwa kulizungushia mwanga na kivuli na ukingo wa dhahabu, likiwa dogo linavimba na kuwa uvimbe. Ni rahisi zaidi kuacha sehemu tulivu kwenye mchoro tangu mwanzo, jina likae hapo. Yaani jina liwe na kiti chake kabla wageni hawajafika.

La pili: usilitathmini kava peke yake kwenye ukurasa mweupe. Piga picha skrini ya orodha ya magemu ya aina yako, bandika la kwako katikati, kaa mbali na kompyuta. Jicho lako likienda kwa jirani, umefeli. Na angalia majirani wana rangi gani. Magemu ya kutisha yamejaa nyekundu na nyeusi, ya kilimo yamejaa kijani na anga. Uwe karibu nao kiasi cha kutambulika ni wa ukoo huo, lakini usivae sare yao.

Wenye gemu lililopangwa rangi tangu ndani wana bahati. Chukua Tales of Kenzera: Zau ya 2024, ile ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Zau ana kinyago cha jua na cha mwezi, jua ni moto wa machungwa, mwezi ni baridi ya buluu, na unapigana kwa kubadilisha hivyo viwili. Mchoraji wa kava akikabidhiwa gemu la namna hiyo hana haja ya kubuni rangi, zipo tayari na zina maana.

---

Nahodha Mtarajiwa

Asanteni wakuu. Naleta langu lichanwe.

Ni gemu la biashara ya jahazi. Unapakia boriti Lamu au Rufiji, unangoja kusi, unapanda Ghuba, unauza, unanunua tende na chumvi, unangoja kaskazi urudi. Kuna bei zinazopanda na kushuka, mabaharia wa kulipa, tanga la kushona. Ukichelewa msimu umekwama huko miezi.

Kava nilichorewa na jamaa wa nje kwa bei ya kirafiki. Bahari ya dhahabu, jua linazama, jahazi kwa mbali katikati, jina chini kulia kwa mwandiko wa mkono mwembamba. Kila ninayemwonyesha anasema zuri. Kwenye Steam ukurasa wangu unaonyeshwa kwa watu, nikiangalia takwimu za duka naona kava limetokea mara nyingi sana, lakini wanaobofya ni wachache mno. Na wachache waliocheza demo, lile toleo la kuonja, wameandika kwamba walidhani ni gemu la kutulia na muziki laini, wakakuta mahesabu.

---

Msee wa Ngara

Boss, hiyo ni kalenda ya hoteli ya Malindi 😂 Iko poa sana kwa ukuta, lakini mimi kama mteja siwezi jua kuna biashara ndani.

---

Kalamu ya Mkaa

Msee kamaliza, lakini nifafanue kidogo.

Nahodha, waliocheza demo yako wameshakupa jibu. Kava lako linaita watu wa kutulia, gemu lako ni la watu wanaopenda kupiga mahesabu na kupanga. Unaowataka wanapita, unaowaita wanaingia na kukasirika. Picha ni nzuri ila inafanya kazi ya gemu jingine.

Watu wa magemu ya biashara na usimamizi wana mazoea yao ya macho. Wanataka kuona vitu: mizigo, bandari, watu kazini. Kwa hiyo lisogeze jahazi karibu, litazamwe kwa juu kidogo na kwa pembe, omo, yaani mbele ya chombo, likija upande wetu, boriti zimepangwa hadi pomoni, vikapu vya tende, mabaharia wawili watatu wanavuta kamba. Gati kidogo pembeni ionekane kuna mahali pa kuuza. Jua lako la dhahabu liache, ila libaki kuwa rangi ya nyuma tu, lisiwe mhusika mkuu.

Kwenye ile ndogo ya 462 kwa 174 ondoa hata mabaharia. Jina, na tanga. Tanga la jahazi ni umbo ambalo mtu halichanganyi na kitu kingine, lina pembe kali, linasomeka hata likiwa na urefu wa pikseli 40. Hiyo ni zawadi, wenzako wenye mashujaa wa mapanga hawana kitu kama hicho.

Mwandiko wa mkono mwembamba, tupa.

---

Nahodha Mtarajiwa

Nimekupata. Ila naogopa kuweka vitu vingi. Si mmesema umbo moja?

---

Bi Rangi

Vingi si tatizo vikiwa ni kitu kimoja. Jahazi lililopakia ni kitu kimoja. Tatizo ni kava la DVD ya bongo muvi: sura sita kubwa, kila msanii kadai yake ionekane, moto nyuma, na helikopta ambayo ndani ya filamu haimo. Kule kila sura ina wafuasi wake, kwa hiyo inalipa. Wewe baharia wako hana shabiki hata mmoja.

---

Dogo_Kasi

Mbona mnateseka hivyo? Andikia AI "dhow trading game cover", dakika mbili umemaliza, bure.

---

Jangili wa Pikseli

Dogo, tangu Januari 2024 Steam wanataka useme kama umetumia AI, na maelezo hayo yanawekwa kwenye ukurasa wako wa duka kila mtu ayasome. Kuna wachezaji wakiyaona tu wanafunga. Sitetei wachoraji hapa, mimi ni mbishi wa kila kitu, lakini gemu ambalo umelisotea miaka usilivishe kitu ambacho mteja anakishuku kabla hajakibofya.

Na umeshajaribu kuiambia AI ichore jahazi? Inakuletea meli ya maharamia.

---

Msee wa Ngara

Mimi niko upande wa simu, wacha niseme kidogo maana wengi wetu hapa tunaanzia Google Play, si Steam. Kule kuingia ni dola 25 mara moja, Steam ni dola 100 kwa kila gemu, na hiyo unarudishiwa gemu likishaingiza dola 1,000.

Kwa Play, kava lako halisi ni ikoni. 512 kwa 512, halafu kuna bango la 1024 kwa 500. Ikoni usiandike jina, jina liko hapo chini tayari. Kitu kimoja, karibu, kimejaa. Na maneno kama "bure" au "namba moja" kwenye ikoni au jina walipiga marufuku 2021.

Uzuri wa Play ni majaribio. Unaweka ikoni mbili, wao wanaonyesha wageni wengine hii na wengine ile, halafu unaona gani imeleta watu wengi kuipakua. Hapo hakuna ubishi wa nani ana jicho la sanaa. Steam kitu kama hicho hakuna, uongo?

---

Kalamu ya Mkaa

Kweli, Steam haina. Unachoweza ni kubadilisha kava halafu ulinganishe takwimu, mara ngapi limeonekana na mara ngapi limebofywa, kabla na baada. Sharti usiguse kitu kingine wakati huo, na usifanye wakati wa punguzo au Next Fest, lile tamasha la demo la Steam, maana hapo namba zinapanda zenyewe na utalishukuru kava bure.

Na angalia wageni wametoka wapi. Waliokuja kutoka kwenye kiungo ulichopost mwenyewe hawahusiki. Unawataka waliokutana na kava ndani ya duka.

Kwa wasio na hela ya dola 100, kuna duka jingine la mtandaoni, itch.io, ni bure, kava la 630 kwa 500, na linaweza kuwa GIF inayocheza. Anzeni huko, ni pazuri pa kujaribu mawazo kabla hujalipa mchoraji.

---

Mama Wawili

Samahani, naomba kuuliza. Mchoraji wa kava analipwaje? Mdogo wangu ana gemu na mimi ndiye mfadhili.

---

Kalamu ya Mkaa

Dada, bei inatofautiana sana. Kuna wa dola mia mbili hivi, kuna wa maelfu. Kikubwa ni mkubaliane nini anakabidhi. Usikubali kupewa JPG moja. Dai faili lenye tabaka zake, jina liwe peke yake bila nyuma, mchoro uwe peke yake bila jina. Ile picha pana ya maktaba ya Steam (3840 kwa 1240) hairuhusiwi kuwa na maandishi kabisa, na jina linapakiwa kivyake juu yake. Kama mchoraji kakupa vyote vimegandana, itabidi umlipe tena au utafute mtu kama mimi wa kufuta jina kwa mkono, na hiyo kazi naichukia kwa hiyo natoza.

Mwambie pia mdogo wako ampe mchoraji gemu alicheze, hata nusu saa. Mchoraji aliyepewa maelezo matupu atakuchorea gemu la kichwani mwake.

---

Jangili wa Pikseli

Mimi bado nabisha. Ikiwa kila mtu atafuata "mazoea ya macho ya aina yake", si makava yote yatafanana? Ico ya 2001: kava la Japani na Ulaya alilichora mwenyewe Fumito Ueda aliyeliongoza gemu, akifuata michoro ya de Chirico, mchoraji wa Italia. Uwanja mtupu, majengo, vivuli virefu, watu wawili wadogo wanakimbia. Marekani wakapewa sura ya mtoto na rungu, kawaida kabisa. Leo watu wanalikumbuka lipi?

---

Kalamu ya Mkaa

La Ueda, na mimi nalipenda. Lakini lilikaa kwenye boksi la PlayStation 2, kwenye rafu, mtu kalishika mkononi, na nyuma ya gemu kulikuwa na Sony. Lipunguze lile hadi 120 kwa 45, weka karibu na magemu mengine arobaini, wale watu wawili hutawaona hata kwa darubini. Hapo mimi na wewe hatubishani kuhusu sanaa, tunabishana kuhusu rafu.

Ila una haki kwa jambo moja. Anayefuata mazoea yote hapati kosa wala hapati mteja. Mimi huwa nafuata mazoea kwenye umbo na mpangilio ili aina ieleweke, kisha navunja kitu kimoja tu. Jokari wa Balatro angekuwa anatabasamu vizuri lingekuwa ni gemu la karata la simu. Ile sura ndiyo iliyovunja.

---

Nahodha Mtarajiwa

Wakuu nimerudi. Mchoraji katuma rasimu mpya: jahazi karibu, boriti zimejaa, gati kushoto, jina kwa herufi nene nyeupe zilizokatwa kama mbao. Ile ndogo ni jina na tanga tu. Nimeibandika katikati ya majirani kama alivyosema Bi Rangi, jicho linaenda kwake. Naipakia leo?

---

Mwana wa Shela

Mimi huwa napita kimya humu, lakini hapa siwezi. Usipakie.

Kaka, huyo kakuchorea tanga la mraba lenye mlingoti katikati, hiyo ni meli ya Mreno. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, iliyolala mshazari, ncha yake moja chini kuelekea omo, nyingine juu kuelekea tezi, yaani nyuma. Na upepo umejaza tanga kwenda kulia wakati bendera inapepea kwenda kushoto. Mzungu hataona. Huku kwetu tutakucheka mpaka utaliondoa.

---

Kalamu ya Mkaa

Na lile umbo nililolisifu ni la foromali, si hilo. Nahodha, mtumie mchoraji picha za jahazi halisi, za ubavuni, zisizopungua tatu.

---

Nahodha Mtarajiwa

Mwana wa Shela nimekufuata inbox, naomba picha. Bendera nitaitoa kabisa.